Kinyonga Hapendi Kutikiswa

Kavutha alipowaambia wenzake kwamba gemu yao ilihitaji konokono, Haron alicheka hadi ikabidi aweke kikombe mezani chai isimmwagikie.

"Konokono," akarudia. "Watu wanataka magari, Kavutha. Wanataka pikipiki, wanataka kukimbizana. Wewe unawaletea konokono."

"Konokono, mbawakawa na vinyonga," Kavutha akamsahihisha. "Ndani ya kasha la kioo, na udongo wake, na majani yake. Wanakula, wanapendana, wanazaa. Watoto wanatoka na rangi za mama na za baba. Hebu ngoja nimalize ndio ucheke."

Walikuwa watatu tu katika chumba kile cha ghorofa ya tatu, nyuma ya Moi Avenue, dirisha lao likitazamana na ukuta wa jengo jingine na sauti za wauza soksi zikipanda kutoka chini mchana kutwa. Haron ndiye aliyeanzisha kampuni na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Zena, mzaliwa wa Mombasa, alichora kila kitu kilichoonekana kwenye skrini. Kavutha alibuni mchezo wenyewe na kuandika sehemu kubwa ya programu. Gemu yao iliitwa Ploti. Mchezaji alianza na chumba kimoja cha kupanga, akanunua kitanda, akanunua jiko, akazoeana na majirani, kisha akahamia chumba kikubwa zaidi. Watu waliipenda sana mwanzoni, halafu wakaiacha kimya kimya. Chumba kikishajaa viti, hakuna la kufanya ndani yake.

Jambo hilo lilikuwa limemkaa Kavutha kichwani kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amefika mahali pa uhakika. Hakuwa mtu wa kusema "labda." Akawaeleza wenzake kwamba chumba cha mpangaji jijini hakina nafasi ya shamba wala ya ng'ombe, hata kuku mmoja ni kesi na majirani, ila juu ya kabati kasha la kioo linakaa vizuri. Mtu atalipanga apendavyo, kokoto hapa, kijiti pale, uyoga mwekundu kwenye kona. Ataweka viumbe wawili na kusubiri.

"Hakuna mtu anayeamka asubuhi kuangalia kama kitanda chake kiko salama," alisema. "Lakini akijua kuna mayai chini ya udongo, ataamka kuyaangalia."

Haron hakucheka tena. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mtu mbaya, na alijua wazo likiwa na uzito.

"Sawa," akasema. "Tuna meza kwenye yale maonyesho ya gemu kule viwanja vya Jamhuri. Ukimaliza kabla ya siku hiyo, tunaonyesha konokono wako. Usipomaliza, mimi naonyesha pikipiki."

"Nitamaliza."

Ndipo Zena, ambaye muda wote alikuwa akichora bila kuinua kichwa, akatia neno. "Konokono nitachora. Mbawakawa nitakuchorea hata kumi. Kinyonga mimi sichori."

"Kwa nini?"

"Simtaki tu. Macho yale, kila moja linaangalia lake. Nyumbani tukimwona kwenye mpera tulikuwa tunatupa ndala tunakimbia."

"Zena, hana sumu, hana mbio, hana lolote," Kavutha akasema kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi. "Mimi nimekua nao. Kule kwetu Kinoo ua mzima umejaa vinyonga. Jumamosi nakupeleka umwone. Ukimwona kwa karibu, utamchora."

Kuhusu ua, alisema kweli. Kuhusu kukua nao, alikuwa ameongeza chumvi: alikua akiwaona kwa mbali, na hakuwahi kumgusa hata mmoja.

Mama yake Kavutha, Bi Annah, alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Kinoo, pembezoni mwa jiji, kutoka Kitui zamani, akajenga nyumba ya mawe na kuizungushia ua wa kayaba wenye miiba mirefu. Zena alipoingia langoni akasema, "Shikamoo, mama," na Bi Annah, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameamkiwa hivyo, akaitikia "Marahaba" kwa furaha kubwa akamshika mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Nimewapikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mbona mnaelekea huko uani kabla ya kula?"

"Tunatafuta vinyonga, mwaitu," Kavutha akamwambia mama yake.

"Mungu wangu! Mimi nawapikia, nyinyi mnanitafutia vinyonga. Msiniletee ndani."

"Hatuwachukui. Kuwafuga bila kibali ni makosa. Tunawaangalia tu."

Hawakutafuta sana. Dume mmoja alikuwa ametulia kwenye tawi lililopata jua, wa kijani kibichi, na pembe tatu zikitokeza usoni mwake kama za mnyama mkubwa aliyesahau kukua. Zena alisimama nyuma kabisa, kitabu chake cha kuchorea amekikumbatia kifuani. Kavutha, kwa kuwa maneno makubwa yalikuwa yake, akanyoosha mkono.

"Unaona? Unamwekea kidole hivi, anapanda mwenyewe."

Kinyonga akapanda mwenyewe kweli. Alishika kidole kwa vile vikucha vyake kama koleo, akayumba mbele na nyuma, akafika kwenye kiganja, akafika kwenye mkono wa sweta. Hapo Kavutha alidhani atasimama. Hakusimama. Alipanda kiwiko, akapanda bega, na jicho lake moja likageuka kumtazama Kavutha sikioni.

"Zena," Kavutha akasema bila kusogeza midomo.

"Naam."

"Mtoe."

"Si umekua nao?"

"Zena, tafadhali, mtoe, anaingia shingoni."

Zena hakuwahi kueleza baadaye ujasiri ule aliutoa wapi. Alikitupa kitabu kwenye nyasi, akavunja kijiti, akakiweka mbele ya uso wa kinyonga, akangoja. Kinyonga akakifikiria, akakishika kwa mguu mmoja, kisha wa pili, na Zena akamwondoa begani kama mtu anayeondoa kikombe kilichojaa. Kufikia wakati huo yule mnyama hakuwa wa kijani tena. Alikuwa ameingia weusi mwili mzima, kama aliyepakwa masizi.

"Umemuudhi," Zena akasema. "Mtazame alivyonuna."

Akamrudisha kwenye tawi, akarudi nyuma hatua chache, lakini hakukimbia. Wakamwona akitulia. Weusi ukawa kahawia, kahawia ikaanza kupauka, na kijani kikarudi kidogo kidogo kuanzia mgongoni. Zena alikiokota kitabu chake, akaketi chini pale pale kwenye nyasi, akaanza kuchora. Bi Annah alipokuja kuwaita mezani mara ya tatu, Zena bado alikuwa anachora, na Kavutha bado alikuwa anajipangusa bega huku akijicheka.

Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshika kazi. Huo weusi ndio aliokuwa akiukosa. Katika michezo mingine, mnyama wa skrini ni kitu cha kubonyezwa tu: bonyeza ale, bonyeza azae. Huyu wake atakuwa na hasira zake. Kila simu ina kihisi kinachojua inapotikiswa. Mchezaji akiitikisa, au akimbonyeza kinyonga ovyo, mnyama atageuka mweusi, na kinyonga mweusi hatafuti mchumba. Akiachwa kwa utulivu, rangi inarudi na mambo yanaendelea.

Jumatatu aliyaandika hayo yote kwenye programu. Konokono walikuwa rahisi, mbawakawa walikuwa rahisi zaidi. Urithi wa rangi ulimtoa jasho, maana watoto wa kwanza walizaliwa wote wa kijivu kama saruji, mpaka alipogundua kwamba alikuwa akichanganya rangi za wazazi kama mtu anayechanganya rangi ya ukuta ndooni. Akabadilisha: kila mtoto akachukua mabaka kwa huyu na mistari kwa yule, na mara chache akachukua kitu cha babu ambacho wazazi wote wawili hawakukionyesha.

Zena naye akawa mgeni wa kila Jumamosi huko Kinoo, na siku nyingine Kavutha hakwenda naye kabisa. Alikuwa akimfuatilia jike mmoja mnene kwenye kona ya ua, akimchora kila alipofika. Adhuhuri moja akapiga simu, akisema kwa pupa.

"Kavutha! Hatagi!"

"Nani hatagi?"

"Kinyonga! Nimekaa hapa na mama yako, tunamtazama. Anazaa watoto wazima! Wanadondoka mmoja mmoja kwenye majani, kila mmoja kwenye kimfuko kama cha ute, anakipasua, anatoka, anatembea! Wadogo kama njugu, na macho wanazungusha tayari!"

Nyuma yake Kavutha alisikia sauti ya mama yake, yule aliyekataa vinyonga wasiingie ndani, ikisema, "Huyo wa tisa, mwangalie huyo wa tisa!"

Kavutha alikuwa ameandika mayai kwa kila kiumbe ndani ya kasha. Alikata simu, akafuta mayai ya kinyonga yote, akaanza upya, na wala hakunung'unika. Kitu chenyewe kilikuwa kizuri kuliko alichokibuni.

Walipoona kazi imekaribia, waliipeleka kwa wachezaji wachache waliojitolea kuijaribu. Siku mbili za kwanza zilikuwa za sifa tupu. Watu walituma picha za makasha yao, mmoja amepanda migomba midogo, mwingine amejenga kidimbwi. Konokono walizaana mpaka watu wakapeana. Kisha malalamiko yakaanza, na yote yalikuwa ya aina moja. Kinyonga wangu ni mweusi. Kinyonga wangu amekuwa mweusi wiki nzima. Nimemfanyia nini huyu mnyama?

Haron alivuta kiti karibu na meza ya Kavutha. "Manze, hii kitu ya kutikisa toa. Hakuna hata mmoja amepata mtoto wa kinyonga."

"Yupo mmoja," Kavutha akasema. "Hapa naona kasha lina vinyonga mpaka juu." Akaangalia jina, akaguna. "Ni mama yangu."

Alimpigia Bi Annah pale pale, akamuuliza anafanyaje.

"Sifanyi chochote," mama akasema. "Namnyunyizia maji, namwachia nzi wake, naiweka simu mezani naenda kuangalia mboga zangu. Nikirudi wamezaa. Kwani hao wengine wanafanya nini?"

Swali lilikuwa zuri. Kavutha akalifuatilia, na jibu likawa wazi kabla ya chakula cha mchana. Hao wengine walikuwa wakicheza njiani. Walicheza wakiwa garini kwenye barabara zenye mashimo, wakivuka barabara, wakipanda ngazi, simu ikirukaruka mkononi kutoka nyumbani hadi kazini na jioni kurudi. Kwa kinyonga wa Ploti, maisha ya jiji yalikuwa tetemeko moja refu.

"Ndio nakuambia," Haron akasema. "Toa."

"Sitoi. Nilikosea kipimo, sikukosea wazo." Kavutha alimgeukia kabisa. "Mtu akitembea, nitamfundisha kinyonga avumilie. Atakuwa kahawia, atanuna kidogo, basi. Lakini mchezaji akitaka kinyonga azae, lazima aiweke simu chini. Haron, fikiria. Kila gemu inamwomba mtu asiiachie simu. Yetu inamwambia, iweke, nenda kapike, ukirudi nina kitu cha kukuonyesha. Na atarudi. Mama yangu anarudi."

"Mama yako ni mstaafu."

"Na Ploti ya kwanza alicheza siku ngapi? Aliifuta. Hii hajaifuta."

Haron alikuna kidevu. Zena akasema kutoka mezani kwake, "Mimi sikuchora mimba ile yote, na utando ule, na yale macho, ili ije itolewe." Na kwa kuwa walikuwa wawili kwa mmoja, Haron akakubali, ingawa pikipiki zake alizihifadhi kwenye simu nyingine, ziwe tayari.

Siku ya maonyesho ilifika. Ukumbi ulijaa tangu asubuhi, na meza waliyopewa haikuwa na bahati. Upande wao wa kulia kulikuwa na kampuni iliyoleta gemu ya mashindano ya magari, na viti vinavyotingishika, na spika mbili ndefu kama milango. Kila gari lilipogonga jingine, spika zilinguruma, na meza ya Ploti ikatetemeka kupita kile kipimo kipya cha uvumilivu, pamoja na simu zote zilizokuwa juu yake.

Kavutha alikuwa amewaandaa majike kadhaa wakiwa karibu kuzaa, ili wageni waone kitu. Wageni waliona vinyonga weusi tii waliojikunja kwenye vijiti. Mmoja alibonyeza mara mbili, akasema, "Huyu amekufa," akahamia kwenye magari. Mwingine aliitikisa simu kabisa, kama mtu anayechanganya dawa ya kikohozi. Baada ya hapo meza yao ikabaki tupu, na Haron akatia mkono mfukoni kutafuta ile simu yenye pikipiki.

"Bado," Kavutha akamwambia.

"Kavutha, watu wanapita."

"Nawaona. Tatizo ni hii meza tu." Alianza kukusanya simu moja baada ya nyingine, akizishika bapa kama sinia za chai. "Zena, una leso?"

"Ninayo."

"Njoo nje."

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na uwanja wa nyasi uliofyekwa vizuri, na kelele zilifika pale zikiwa zimepungua makali. Zena alitandika leso yake, kanga pana, Kavutha akazipanga simu juu yake, skrini zikitazama juu. Kisha wote wawili wakaketi. Hawakumwita mtu.

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo mwenye suti, beji yake kifuani ikisema anaitwa Mwololo. Alikuwa ametoka kupiga simu. Akasimama juu yao.

"Hapa ni nini?"

"Ni gemu," Kavutha akasema. "Karibu ukae."

"Inachezwaje?"

"Sasa hivi haichezwi. Huyo hapo amekasirishwa. Ukitulia naye, atazaa."

Mwololo alicheka, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayeogopa kuonekana, kisha akakunja suruali magotini akaketi. Weusi wa kinyonga ulianza kufifia. Rangi ilipofika kahawia, mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma ya Mwololo, na rafiki yake nyuma ya huyo. Jijini watu wawili wakiinama kutazama kitu chini, wa tatu hawezi kupita, na wa nne humuuliza wa tatu. Kijani kilipoanza kujitokeza mgongoni, walikuwa wameizunguka leso safu kwa safu, na waliochelewa wakinyoosha shingo.

"Kuna nini? Nani ameanguka?"

"Shh. Kinyonga anazaa."

"Kinyonga gani?"

"Nyamaza, utamkasirisha."

Jike wa simu ya katikati akajishika vizuri kwenye tawi. Mtoto wa kwanza akadondoka, akanata kwenye jani ndani ya utando wake, akatulia kiasi cha watu kuanza kuhuzunika. Kisha utando ukapasuka, na kichwa kidogo kikatoka, na macho mawili yakageuka kila moja upande wake. Mwanamke aliyesimama nyuma ya Mwololo akapiga kelele ya furaha, na watu wote, kwa pamoja, wakamnyamazisha. Wa pili akaja, na wa tatu. Wa nne alikuwa na mstari wa samawati ubavuni ambao mama yake hakuwa nao, na Mwololo, aliyekuwa amesahau suti yake kabisa na kulala kwa kiwiko kwenye nyasi, akanong'ona, "Huyo amefuata nani?"

"Bibi yake," Kavutha akanong'ona. "Upande wa baba."

"Nampataje wa kwangu?"

Zena alimpitishia karatasi yenye anwani ya gemu. Mikono mingine ikanyooshwa, na karatasi zikaisha kabla ya vinyonga kumaliza kuzaa.

Kavutha alipoinua macho, alimwona Haron ameketi mwisho wa safu, miguu ameinyoosha kama mtu aliye pikiniki, akitazama skrini ya simu iliyo karibu naye bila kuigusa. Aliinuka tu watoto wote walipokwisha kutembea.

Toleo jipya lilitoka wiki iliyofuata. Wale waliokuwa wameifuta Ploti walirudi, na waliorudi wakabaki. Walibadilishana watoto wa konokono, walibishana juu ya mistari na mabaka, na wengi waliandika kwamba siku hizi simu inashinda mezani na wao hawajui ilianzaje. Lakini siku ile ya maonyesho walikuwa hawajayajua hayo. Jioni walikunja leso, wakabeba vitu vyao hadi Ngong Road, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakatembea kwa miguu maana hakuna aliyetaka kukaa tena.

"Na baada ya vinyonga?" Haron akauliza, punje mdomoni.

"Vyura," Kavutha akasema.

"Vyura wanataka nini?"

"Mvua."

Haron akasimama. "Mvua ipi? Ya kwenye gemu?"

"Ya kweli. Ile inayonyesha pale mchezaji alipo." Na akaanza kuwaeleza itakavyofanya kazi.